Homa Isiyo na Jina: Mafunzo ya Madaktari Bingwa wa Magonjwa ya Kuambukiza, Kutoka Kibong'oto hadi KCMC

Utangulizi

Katika kitabu hiki cha Jubilei ya miaka mia moja msomaji atakutana na habari za wainjilisti wa kwanza, za ujenzi wa kanisa, za kwaya, za shule na za akina mama waliobeba mawe na mchanga kichwani. Hizo ni kazi zinazoonekana kwa macho, na ni haki zikumbukwe. Sura hii inahusu kazi isiyoonekana kwa urahisi, nayo ni mafunzo ya madaktari wanaobobea katika magonjwa ya kuambukiza.

Huenda mgeni wetu kutoka Dayosisi akauliza jambo hili linaingiaje katika historia ya usharika ulioko mtelemkoni mwa Kilimanjaro. Jibu lake ni fupi. Hakuna kaya katika usharika huu ambayo haijapata kumuuguza mtu mwenye homa. Tena kwa sehemu kubwa ya miaka hii mia moja, homa hiyo ilipewa jina moja tu, malaria, hata pale ambapo haikuwa malaria. Wapo tuliowazika tukiamini kwamba jina la ugonjwa wao lilijulikana, kumbe halikujulikana. Daktari awezaye kuipa homa jina lake la kweli haokotwi njiani. Hufundishwa kwa miaka mingi, na mwenye kumfundisha ni daktari mwingine aliyetangulia. Namna mafunzo hayo yalivyofika karibu nasi, na sehemu ya Kanisa katika safari hiyo, ndiyo habari ya sura hii.

Kibong'oto, rika la usharika wetu

Wazee wetu walipokuwa wakikusanyika katika makanisa ya kwanza ya miti na nyasi, upande wa magharibi wa mlima, Siha, kulifunguliwa hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mwaka ulikuwa 1926, na mahali penyewe ni Kibong'oto. Wakati huo hapakuwa na dawa ya kuponya kifua kikuu. Mgonjwa alitengwa na jamaa zake, akapewa chakula kizuri, pumziko na hewa safi ya mlimani, kisha ikangojwa kuona kama mwili wake utashinda. Wengine walirudi nyumbani. Wengi hawakurudi, na jina la Kibong'oto likawa neno la kuogopwa katika vijiji vyetu.

Hata hivyo hospitali hiyo ilikuwa pia mahali pa kujifunzia. Katika miaka ya 1930, Daktari Charles Wilcocks, Mwingereza, alikuwa akichunguza namna kifua kikuu kilivyokuwa kikienea Tanganyika. Alionyesha jambo ambalo kila mwalimu wa tiba hulirudia hadi leo, kwamba daktari hawezi kujifunza ugonjwa wa nchi kwa kusoma vitabu vya nchi nyingine peke yake. Hana budi kukaa na wagonjwa wa nchi hiyo na kuwaangalia kwa subira mwaka hadi mwaka.

Dawa zilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943, na isoniazidi ikaanza kutumika mwaka 1952. Mwaka 1977 alifika Tanzania Daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, ambaye yeye mwenyewe aliugua kifua kikuu akiwa mfungwa katika kambi ya Wanazi wakati wa vita. Akishirikiana na waganga wa Kitanzania, alisaidia kuunda mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma. Mpango ule ulitegemea mambo yaliyo mepesi kutaja na magumu kutenda: hadubini katika kila wilaya, daftari linaloandikwa bila kuruka jina, na mgonjwa anayemeza dawa zake mbele ya mtu mwingine. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mkakati wake wa kupambana na kifua kikuu katika miaka ya 1990, lilijenga juu ya yale yaliyothibitishwa hapa Tanzania. Ni vema watoto wetu wajue kwamba katika jambo hili nchi yetu ilikuwa mwalimu, na mataifa mengine yakawa wanafunzi.

Dunia ilipodhani kazi imekwisha

Ili kuelewa kwa nini mabingwa wa magonjwa haya walikuwa wachache hata katika nchi tajiri, yafaa tutazame Marekani, kwa kuwa huko ndiko mafunzo ya namna hii yalikopata utaratibu ulioigwa na wengi. Mwaka 1963 ulianzishwa huko umoja wa mabingwa wa magonjwa ya kuambukiza, na rais wake wa kwanza alikuwa Daktari Maxwell Finland wa Boston. Mwaka 1972 ulifanyika mtihani wa kwanza wa kuwathibitisha mabingwa hao. Kuanzia hapo daktari aliyekwisha kuhitimu ubingwa wa magonjwa ya ndani aliweza kuongeza mafunzo ya miaka miwili au zaidi akiwa chini ya bingwa mkubwa. Mafunzo ya ngazi hiyo ndiyo ambayo hapa kwetu huitwa ubingwa bobezi.

Lakini mara tu nyumba ilipojengwa, wenye nyumba walianza kujiuliza kama ilikuwa na kazi. Viuavijasumu vilikuwa vimepatikana, na chanjo zilikuwa zimeenea. Ndui, iliyoua watu tangu kale, ilionekana kwa mara ya mwisho katika maambukizo ya kawaida nchini Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 ikatangazwa kuwa imetokomezwa duniani kote. Mwaka 1978 Daktari Robert Petersdorf, ambaye naye alikuwa bingwa wa fani hiyo hiyo, aliandika katika jarida mashuhuri la tiba kwamba haoni haja ya mabingwa wengine 309 waliokuwa wakihitimu. Hakuwa mtu wa mzaha wala mjinga. Alisema yale ambayo wenye hekima wengi wa wakati wake waliyaamini.

Mwezi Juni 1981, miaka mitatu tu baadaye, ilichapishwa huko Marekani taarifa fupi ya vijana watano wa Los Angeles waliopatwa na nimonia isiyo ya kawaida. Hiyo ilikuwa taarifa ya kwanza ya ugonjwa ambao baadaye ulimwengu uliuita UKIMWI. Wale madaktari waliodhaniwa kuwa wamezidi mahitaji wakawa hawatoshi.

Ndolage, 1983

Kwetu sisi habari hiyo haikubaki ng'ambo kwa muda mrefu. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, katika hospitali ya Ndolage. Washarika wajue kwamba Ndolage ni hospitali ya Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri. Ugonjwa mkubwa kuliko yote ya kizazi chetu uligonga kwanza mlango wa nyumba ya Kanisa, na walioufungua mlango huo walikuwa waganga na wauguzi wasio na kipimo wala dawa, na ambao hawakuwa wamefundishwa juu ya ugonjwa huo, kwa kuwa hapakuwa na aliyeweza kuwafundisha. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imetoa taarifa za wagonjwa.

Hapa Kilimanjaro, akina mama walitangulia kuchukua hatua. Mwaka 1990 kilianzishwa mjini Moshi Kikundi cha Wanawake Kilimanjaro Kupambana na UKIMWI, ambacho wengi wetu tunakijua kwa jina la KIWAKKUKI. Waliingia majumbani kuwaosha wagonjwa ambao jamaa zao waliogopa kuwagusa, wakawatunza yatima, wakasema hadharani yale ambayo hata mimbarani yalisemwa kwa woga. Hao hawakuwa madaktari. Lakini daktari yeyote aliyefundishwa Moshi katika miaka ile alijifunza kwao kwamba mgonjwa wa kuambukiza ni mtu wa kukaribiwa.

Nyumba ya Msamaria Mwema

Hospitali ya rufaa ya KCMC ilifunguliwa Machi 1971, chini ya Shirika la Msamaria Mwema lililoundwa na makanisa, Walutheri tukiwamo. Jina hilo limetokana na mfano unaojulikana na kila mtoto wa kipaimara. Msamaria alimfunga yule majeruhi vidonda vyake, kisha akamfikisha mahali pa kutunzwa na kuahidi kulipa gharama zitakazozidi. Waasisi wa KCMC walielewa hivyo. Hospitali isiyofundisha humhudumia mgonjwa wa leo tu, nayo hospitali inayofundisha humhudumia na yule ambaye hajazaliwa.

Kwa miaka mingi hospitali hiyo iliendeshwa na Serikali, hadi iliporejeshwa chini ya Shirika mwaka 1992. Mwaka huo huo kilifunguliwa hapo kituo cha kufundisha utaalamu wa magonjwa ya ngozi, ukoma na magonjwa ya zinaa yakiwamo, kwa wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kituo hicho kilithibitisha kwamba utaalamu wa juu unaweza kufundishwa Moshi, kwa wagonjwa wa Moshi, na mwanafunzi akarudi kwao akiwa tayari kwa kazi. Mwaka 1997 kikafuata chuo cha tiba, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Tumaini cha Kanisa letu.

Katikati ya hayo, mwaka 1995, ulianza ushirikiano kati ya KCMC na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani. Kwa upande wa Moshi alikuwapo Profesa John Shao, bingwa wa elimu ya vijidudu aliyeiongoza KCMC kwa miaka mingi, na kwa upande wa Duke alikuwapo Daktari John Bartlett, bingwa wa magonjwa ya kuambukiza. Madaktari wa Marekani waliokuwa katika mafunzo ya ubobezi walikuja kukaa Moshi, nao Watanzania walikwenda Durham, North Carolina, kujifunza. Maabara ya Moshi ilipata uwezo wa kuotesha vijidudu kutoka katika damu ya mgonjwa, kazi ambayo bila hiyo daktari wa magonjwa haya ni kama fundi seremala asiye na msumeno.

Jirani zetu nao hawakukaa bure. Mwaka 2001 madaktari wa Uganda na wa Amerika Kaskazini waliunda umoja wao wa kitaaluma, na mwaka 2004 ikafunguliwa Kampala taasisi ya magonjwa ya kuambukiza ya Chuo Kikuu cha Makerere, ambayo imewafundisha waganga wa nchi nyingi za Afrika. Mwaka huo huo wa 2004 Tanzania ilianza mpango wa taifa wa kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, na ghafla kila hospitali ikahitaji mtu anayejua kuzitumia.

Wagonjwa mia nane na sabini

Tumefika sasa kwenye ile homa tuliyoianza. Kati ya mwaka 2002 na 2003, watafiti walifuatilia wagonjwa waliolazwa kwa malaria kali katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Damu ya wagonjwa 4,474 ilisomwa upya kwa hadubini kwa uangalifu. Waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa 2,062, yaani chini ya nusu. Jambo zito zaidi lilikuwa la vifo. Kati ya waliokuwa na malaria kweli walikufa takriban 7 katika kila 100. Kati ya wale ambao hawakuwa na malaria, lakini walikuwa wamelazwa kwa jina hilo, walikufa takriban 12 katika kila 100. Jina lisilo sahihi lilikuwa likiua.

Swali likabaki: kama si malaria, ni nini? Kuanzia Septemba 2007 hadi Agosti 2008, Daktari John Crump kutoka New Zealand, aliyeishi na kufanya kazi Moshi kwa miaka kadhaa, pamoja na wenzake Watanzania na Wamarekani, waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa KCMC na Mawenzi. Waganga walikuwa wamewaandikia malaria wagonjwa 528, yaani zaidi ya 60 katika kila 100. Waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Wagonjwa 85 walikuwa na bakteria katika damu. Na miongoni mwa wagonjwa waliopimwa kwa kina, zaidi ya robo walikuwa na magonjwa yanayotoka kwa wanyama: ugonjwa wa kutupa mimba, homa za kupe, homa ya Q, na ile ambayo Watanzania waliifahamu kwa jina la Homa ya Mgunda ilipozuka mkoani Lindi mwaka 2022. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013.

Msharika wa mlimani na atafakari habari hii. Sisi ni watu wa ng'ombe wa zizini, mbuzi wa nyuma ya nyumba na maziwa ya asubuhi. Homa nyingi zilizotulaza zilikuwa zikitoka zizini, nasi tukimlaumu mbu peke yake. Wala haifai kuwalaumu waganga wetu wa zahanati. Walifanya walichofundishwa kwa vifaa walivyokuwa navyo. Iliyokosekana ilikuwa maabara, na mtu wa kumwambia mganga kijana: subiri, huyu anafuga mbuzi, tuulize zaidi.

Daktari huyu anafundishwaje

Katika nchi yetu kijana husoma udaktari miaka mitano, akafanya kazi mwaka mmoja chini ya uangalizi, kisha baada ya muda wa kazi husoma ubingwa wa magonjwa ya ndani au ya watoto kwa miaka mitatu au minne. Ubobezi huja baada ya yote hayo, nao huchukua miaka miwili au zaidi. Mara nyingi mtu huyo amekwisha kuwa na mke au mume na watoto, na mshahara wake unangojewa na ndugu wengi.

Katika miaka hiyo hazunguki wodi moja. Huitwa kila wodi yenye homa isiyoeleweka: kwa mama aliyejifungua jana, kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji, kwa mtoto mwenye utapiamlo. Huanza kwa maswali. Umesafiri wapi? Umekunywa maji gani? Unafuga nini? Nani mwingine nyumbani anaumwa? Kisha hushuka maabara, akatazama kwa macho yake kile kilichoota, na kujifunza ni dawa ipi ingali na nguvu. Hufundishwa kuzuia maambukizo yasitoke kitanda hiki kwenda kitanda kile. Hufundishwa pia kukataa, maana viuavijasumu vikitolewa ovyo vijidudu huwa sugu, na dawa iliyomponya baba haitamponya mwana. Usugu huo si hadithi. Kibong'oto, ile rika yetu, ilianza mwaka 2009 kutibu kifua kikuu kilichokuwa sugu kwa dawa za kawaida, na mwaka 2010 ikawa hospitali maalumu ya taifa ya magonjwa ya kuambukiza.

Deni lililobaki

Yaliyofanyika ni mengi, lakini historia ya kweli hutaja na upungufu. Kwa miaka mingi Mtanzania aliyetaka kubobea katika fani hii alilazimika kwenda ng'ambo, na fedha nyingi za mafunzo na utafiti zimetoka ng'ambo. Mwaka 2010 chuo cha KCMC kilikuwa miongoni mwa vyuo vya nchi 12 za Afrika vilivyopata ruzuku ya Serikali ya Marekani ya kuimarisha elimu ya udaktari. Ruzuku hiyo ilileta intaneti, maabara na njia mpya za kufundishia. Ilikuwa ya miaka mitano. Mapema mwaka 2025 Serikali hiyo hiyo iliposimamisha misaada yake ya nje, wengi walitambua jinsi kazi ya miaka mingi ilivyokuwa imeegemea mkono mmoja. Tunawashukuru waliotusaidia bila kinyongo. Lakini msaada ni kama mvua ya vuli: ikinyesha ushukuru, usipande shamba lote kwa kuitegemea.

Na magonjwa hayangoji. Machi 2023, miaka arobaini baada ya Ndolage, mkoa ule ule wa Kagera ulipatwa na ugonjwa wa Marburg kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi. Waliougua walikuwa 9, na 6 wakafa, mhudumu wa afya akiwamo. Uliisha kwa muda wa miezi mitatu hivi. Januari 2025 ulirudi Kagera, wilayani Biharamulo, na wote 10 waliohesabiwa kuwa wagonjwa walikufa. Mara zote mbili ulikuja kwanza kama homa, na mtu wa kwanza kuupokea alikuwa mhudumu wa karibu.

Hitimisho

Historia hii ina fundisho moja ambalo Kamati imeona vema liandikwe mahali ambapo wajukuu watalisoma. Kila mara wanadamu walipodhani kwamba magonjwa ya kuambukiza yamekwisha, waliacha kuwaandaa madaktari wake, na kila mara walilipa kwa makaburi. Daktari wa aina hii hapatikani siku ugonjwa unapozuka. Huandaliwa miaka kumi na zaidi kabla yake, wakati ambapo hakuna anayeogopa na hakuna anayechanga.

Waliotutangulia walichanga kwa ajili ya kanisa ambalo wengi wao hawakuliona likikamilika. Usharika huu unaoingia katika miaka mia ya pili unao vijana wa sayansi katika shule zetu za sekondari, na unao mfuko wa elimu. Mmoja wa vijana hao akisomeshwa leo, itachukua zaidi ya miaka kumi kabla hajasimama kando ya kitanda katika wodi ya Moshi au Kibong'oto na kuuliza, kwa lugha ambayo bibi anaielewa, kama kuna mbuzi aliyetupa mimba nyumbani. Baba Askofu, wachungaji, wazee wa kanisa na washarika wote, miaka kumi ni mingi kwa mtu mmoja. Kwa usharika uliokwisha kuhesabu mia, si mingi.